Maneno ya Mapendo katika Kiingereza cha Kale

Fadhila za Kimungu ni tatu: imani, matumaini na mapendo. Kila mkatekumeni huzitaja kwa mpango huo, na Mkristu huzirudia katika sala zake. Ile ya tatu, ambayo Mtume Paulo aliitaja kuwa kuu kuliko zote, kwa Kilatini huitwa «caritas». Lakini mtu akilitaja jina la Caritas katika jimbo lo lote la Kongo, watu wengi huwaza kwanza ofisi, magunia ya unga, mablanketi, na orodha ya majina ya wakimbizi. Basi neno moja latumika kwa uzima wa Mungu mwenyewe, na latumika pia kwa gunia la unga. Je, neno hilo limeshushwa? Au lina haki ya kukaa mahali pote pawili?

Swali hilo si geni katika Kanisa. Waingereza walilijadili miaka mingi, hata wasomi wao wakuu wakapigana kwa kalamu juu yake. Tena wao, kama mataifa mengi ya Afrika, walipokea Injili kwa wageni waliotoka mbali na lugha nyingine, wakalazimika kutafuta maneno ya kutaja mambo ya Mungu. Yafaa basi kuyatazama maneno yao ya kale, ili kila katekista aangalie vema maneno anayoyatia vinywani mwa wanafunzi wake.

1. Neno la nyumbani lililobatizwa

Mwaka 597 mmonaki wa Roma, Mtakatifu Augustino, aliwasili Kent, kusini-mashariki ya Uingereza, pamoja na wenzake. Aliyewatuma ni Papa Mtakatifu Gregori Mkuu. Mfalme wa Kent, jina lake Ethelbert, alikuwa bado mpagani, ingawa mkewe Bertha alikuwa Mkristu. Wamonaki walisali kwa Kilatini; wenyeji walisema Kiingereza cha kale, lugha ambayo Mwingereza wa leo hawezi kuielewa asipofundishwa.

Kwa mambo kadha wa kadha Wakristu wale waliazima maneno ya Kilatini. Neno lao la Misa, kwa mfano, lilitoka Roma. Lakini kwa mapendo hawakuazima. Walichukua neno la nyumbani, «lufu», ambalo ndilo «love» la siku hizi. Lilikuwa neno la kila siku: mama alimpenda mtoto kwa «lufu», rafiki alimpenda rafiki, mume alimpenda mke. Neno hilo halikuwa takatifu kwa asili yake. Kanisa lilibatiza, kama livyobatiza watu, likaliachia sura yake na kulipa uzima mpya.

Hata hivyo waalimu waliona hatari. Ikiwa neno moja lataja upendo wa Mungu na tamaa ya mwanadamu, msikilizaji atajuaje tofauti? Aelfric, mmonaki aliyeandika mahubiri mengi kwa Kiingereza karibu na mwaka 1000, alipotaka kutaja fadhila ya tatu aliongeza neno mbele, akasema «sothe lufu», maana yake mapendo ya kweli. Vivyo hivyo kwa huruma, ambayo kwa Kilatini ni «misericordia», Waingereza wa kale walisema «mildheortnes», yaani upole wa moyo. Hata mchunga mbuzi aliweza kuelewa, kwa kuwa alijua upole ni nini na moyo ni nini.

2. Kupenda na kusadiki

«Lufu» halikuwa peke yake. Lilikuwa na ndugu zake, na mmoja wao ni «leof», yaani mpendwa. Ndugu mwingine ni tendo «gelyfan», ambalo siku hizi limekuwa «believe», yaani kusadiki. Wataalamu wa lugha huonyesha kwamba maneno hayo yote yametoka katika shina moja la zamani sana. Kwa mababu wa Waingereza, kumsadiki mtu kulikuwa karibu na kumthamini na kumwona mpendwa.

Tena Kilatini chafanana nalo. Neno «credo», ambalo ndilo mwanzo wa Kanuni ya Imani, wataalamu hulifungua kuwa ni kuweka moyo mahali fulani. Ni kweli kwamba shina la neno halithibitishi fundisho la Kanisa. Fundisho lina misingi yake. Lakini laweza kumkumbusha Mkristu jambo alilolisahau. Anayesema «Nasadiki» siku ya Dominika hatoi tu hesabu ya mambo anayoyakubali kichwani, kama mwanafunzi anayejibu mtihani. Aweka moyo wake kwa Mungu. Imani pasipo mapendo, asema Mtume, hata ikiweza kuhamisha milima, si kitu.

3. Rafiki, adui, na mtoto wa nyumba

Neno «friend», rafiki, lilikuwa zamani «freond». Limetokana na tendo la kale lenye maana ya kupenda, na maana yake kamili ni «yule apendaye». Kwa upande wa pili palikuwa na «feond», yaani «yule achukiaye». Hilo lilikuwa neno la kila adui wa vita au wa kijiji. Baadaye Wakristu walilitumia kwa yule Adui mkubwa, na leo «fiend» ni jina la shetani au la mtu mwovu kupita kiasi. Maneno hayo mawili yamejengwa kwa mpango mmoja. Rafiki na adui hawatofautiani kwa ukoo wala kwa rangi, bali kwa tendo: mmoja apenda, mwingine achukia. Naye achukiaye aweza kugeuka siku yo yote akaanza kupenda.

Karibu na «freond» laonekana neno jingine, «freo», ambalo limekuwa «free», yaani huru. Nalo ni la shina lile lile la kupenda. Wataalamu wengi hulieleza hivi: katika nyumba ya kale palikuwa na watoto na jamaa waliopendwa, na palikuwa na watumwa. Waliopendwa, watu wa nyumba yenyewe, ndio walioitwa huru. Kwa hiyo uhuru kwao haukuwa kwanza kufanya apendavyo mtu. Ulikuwa kuwa miongoni mwa wapendwa.

Mkristu akisikia hayo atakumbuka usiku wa Karamu ya mwisho. Hapo Bwana Wetu aliwaambia Mitume kwamba hatawaita tena watumwa bali rafiki, kwa sababu amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba yake. Urafiki na uhuru vilikuja pamoja katika neno moja la Kristu. Hapana budi wazazi wa Kikristu walitafakari. Mtoto anayelelewa kwa fimbo na matusi tu, ingawa alala chini ya dari la baba yake, akaa humo kama mtumwa. Yule apendwaye ajiona wa nyumbani hata akikaripiwa.

4. Mpendwa ni ghali. Mwema ni ndugu

«Dear» ni neno ambalo Mwingereza huliandika mwanzoni mwa barua kumwita mpendwa wake. Lakini sokoni neno hilo hilo lina maana ya ghali. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa «deore», nalo lilikuwa na maana zote mbili, ya thamani na ya kupendwa. Kutokana nalo waliunda «deorling», mpendwa mdogo, ambalo leo ni «darling».

Ajabu ni kwamba «caritas» ya Kilatini ina historia ile ile. Yatoka katika «carus», ambalo ni mpendwa na ni ghali pia. Lugha mbili tofauti zilifikia wazo moja, kwamba anayependwa ana bei. Na Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorinto kwamba wamenunuliwa kwa thamani, hivyo si mali yao wenyewe. Bei hiyo ililipwa msalabani. Kijana anayemwita msichana mpenzi, lakini hataki kulipa cho chote kwa ajili yake, wala subira, wala heshima, wala uaminifu mbele ya wazazi na mbele ya altare, atumia neno la ghali kama kitu cha bure.

Neno jingine ni «kind», ambalo leo lataja mtu mwema, mpole, mwenye huruma. Zamani «cynn» lilikuwa ukoo, na «cynde» lilikuwa jambo la asili, linalomfaa mtu kwa kuzaliwa kwake. Mtu wa «kind» alikuwa yule anayewatendea wengine kama inavyopasa kuwatendea wa ukoo wake. Tangu karne ya 13 au ya 14 maana ya wema ilianza kushika nguvu, hata ukoo ukasahauliwa ndani ya neno hilo.

Hapo wasomaji wa Kiswahili wako nyumbani. Neno ndugu nalo huanza tumboni mwa mama mmoja, kisha huenea kwa wajomba na binamu, kwa kabila, mpaka kwa mtu ye yote atendewaye wema. Lakini neno hilo laweza pia kurudi nyuma. Siku za ugomvi wa mashamba na za vita, mtu hulipunguza neno ndugu likabaki kwa watu wa lugha yake tu, na jirani aliyezoea kumsalimu kila asubuhi akawa mgeni. Bwana Yesu aliulizwa jirani ni nani. Akajibu kwa mfano wa Msamaria aliyemwinua mtu aliyepigwa na wanyang’anyi, mtu asiye wa taifa lake. Wema wa ukoo ni mzuri, kwa maana ndio shule ya kwanza ya mapendo. Lakini aliyeishia hapo hajatoka bado katika darasa la kwanza.

5. Maneno yaliyoanguka na maneno yaliyoinuka

Si maneno yote yaliyokaa mahali pake. Kutokana na «leof» Waingereza walifanya neno «leofman», mtu mpendwa, ambalo baadaye likawa «leman». Lilikuwa neno la heshima, hata waandishi wa dini walilitumia kumwita Yesu, mpendwa wa roho. Kisha watu wakalitumia zaidi na zaidi kwa wapenzi wasio wa ndoa, hata likawa aibu, na leo halisemwi tena. «Paramour», lililotoka katika Kifaransa na kuwa na maana ya «kwa mapendo», lilipita njia hiyo hiyo. Katika karne za kati laonekana katika nyimbo za dini juu ya Kristu na Bikira Maria. Siku hizi lataja hawara. «Lust» nalo lilikuwa furaha au hamu tu, pasipo ubaya. Wajerumani hata leo hulitumia kwa maana hiyo. Waingereza walilifunga katika dhambi ya tamaa.

Mengine yaliinuka. «Fond» katika karne ya 14 lilikuwa mpumbavu. Baadaye lilitaja mtu anayependa kwa upumbavu. Leo lataja anayependa kwa moyo mwororo, na upumbavu umeondoka. «Affection», lililotoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa, lilikuwa mwendo wo wote wa roho, uwe mzuri au mbaya. Siku hizi ni upendo mpole wa jamaa na marafiki.

Neno la mapendo halianguki lenyewe. Huangushwa na vinywa vinavyolitumia kufunika jambo jingine. Anayeita tamaa yake mapendo hajifichi yeye tu. Aharibu chombo ambacho wengine watakihitaji kesho.

6. Ugomvi wa maneno mawili

Katika karne ya 12 neno «charity», mtoto wa «caritas», liliingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa. Tangu hapo lugha ilikuwa na maneno mawili: «love» la nyumbani, na «charity» la kanisani. John Wycliffe na wenzake, walipofasiri Biblia kutoka Kilatini mwishoni mwa karne ya 14, waliweka «charity» katika sura ya 13 ya Barua ya kwanza kwa Wakorinto.

Mwaka 1526 William Tyndale alichapisha Agano Jipya alilolifasiri kutoka Kigiriki. Mahali pa «charity» aliweka «love». Mwaka 1529 Mtakatifu Tomaso More, mwanasheria na msomi Mkatoliki, alimshambulia katika kitabu. Hoja yake ilikuwa hii: «love» lataja upendo wo wote, mwema au mbaya, bali «charity» lataja upendo mwema, ule wa Kimungu, kuliondoa ni kuwapotosha watu. More aliona kwamba Tyndale amebadili pia maneno ya Kanisa na ya padri, akahofu kwamba nyuma ya maneno palikuwa na mafundisho ya Luther.

Tyndale alimjibu mwaka 1531. Alisema kwamba kwa watu wa kawaida «charity» halina tena maana ya Paulo. Watu hulitaja wakiomba au wakitoa sadaka, na wengi hawajui walisemalo. Tena lugha haina tendo lake: watu huambiwa wampende Mungu na jirani kwa neno «love», wala hakuna anayeweza kugeuza «charity» kuwa amri.

Wote wawili waliuawa, si kwa ajili ya neno hilo moja, bali katika mafarakano makubwa ya siku zile. More alikatwa kichwa London tarehe 6 Julai 1535, kwa kuwa hakukubali mfalme Henry VIII awe mkuu wa Kanisa la Uingereza. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1935. Tyndale alihukumiwa kuwa mzushi, akanyongwa na mwili wake ukachomwa moto mwaka 1536 huko Vilvoorde, karibu na Brussels, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba watu waliobishana juu ya neno la mapendo waliishi katika siku zenye mapendo haba namna ile.

Ugomvi haukuisha nao. Wakatoliki wa Uingereza waliokimbilia Ufaransa walichapisha Agano Jipya huko Rheims mwaka 1582, lenye «charity». Biblia ya mfalme James ya mwaka 1611, ingawa ilifuata maneno ya Tyndale mahali pengi, ilirudisha «charity» katika sura ile ya 13. Waprotestanti walipoisahihisha mwaka 1881 waliweka «love». Na Biblia ya Kiingereza ya Wakatoliki iitwayo Jerusalem Bible, ya mwaka 1966, nayo ina «love». Kwa maana «charity» limebaki jina la sadaka na la vyama vya kusaidia maskini. Tena wako maskini wa Kiingereza wasemao kwa fahari kwamba hawataki «charity», kwa kuwa neno lililotaja uzima wa Mungu limewafikia kama dharau ya mwenye nacho kwa asiye nacho.

Nani basi alikuwa na haki? Kwa jambo hilo moja, kila mmoja aliona nusu ya kweli. More aliona kwamba neno la kawaida huingiliwa na uchafu. Tyndale aliona kwamba neno la kanisani hukauka likiacha kusemwa nyumbani. Historia imewapa haki wote wawili: «love» leo hutajwa kwa tamaa na kwa chakula, na «charity» limekuwa dogo. Hakuna neno linalojilinda lenyewe.

7. Jibu

Sasa laweza kujibiwa swali la mwanzo. Katika Kiarabu, maneno kusadiki na sadaka yametoka katika shina moja, nalo ni shina la ukweli. Kiswahili kimeyapokea yote mawili. Sadaka basi ni njia ya kuonyesha kwamba asemalo mtu ni kweli. Mtume Yohane afundisha hilo hilo: aliye na mali, akamwona ndugu yake mhitaji akamfungia moyo, mapendo ya Mungu hayakai ndani yake, hapana kupenda kwa ulimi tu, bali kwa tendo na kweli. Naye Paulo aongeza upande wa pili: hata mtu akigawa mali yake yote, akikosa mapendo hapati faida. Gunia la unga pasipo moyo ni mzigo tu. Moyo pasipo gunia, mahali penye njaa, ni maneno tu. Papa Benedikto XVI, katika barua yake «Deus caritas est» ya mwaka 2005, alifundisha yote mawili pamoja: asili ya mapendo katika Mungu, na huduma ya Kanisa kwa wahitaji. Jina la Caritas lina haki ya kukaa ofisini, mradi anayegawa unga amtazame mpokeaji usoni na kumwita kwa jina lake, kama mtu wa nyumbani.

Mwaka 1373 mwanamke mmoja wa Norwich, ajulikanaye kwa jina la Juliana, alipokuwa mgonjwa karibu ya kufa alionyeshwa mateso ya Kristu. Alipona, akaishi maisha ya sala katika chumba kando ya kanisa, akaandika kitabu juu ya mambo aliyoyaona. Ndiye mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuandika kitabu kwa Kiingereza. Aliitafuta maana ya maono yake zaidi ya miaka 15, na jibu alilolipata halikuwa neno la Kilatini wala la wasomi. Lilikuwa «love», lile neno la nyumbani ambalo Wakristu wa kwanza wa Kent walilikuta vinywani mwa watu, wakalibatiza.

Kiswahili cha Kanisa kina neno mapendo. Limetoka katika kupenda, tendo ambalo kila mtoto alijua kabla ya kujua kusali. Ni neno la nyumbani na ni neno la altare kwa pamoja, kama «lufu» la kale. Likitumiwa kufunika uzinzi, litaanguka kama «leman». Likifungiwa katika vitabu vya sala, litakauka kama «charity». Litabaki zima kwa kadiri Wakristu watakavyolilipia bei yake: katika ndoa iliyo aminifu, katika msamaha kati ya majirani waliogombana, na katika chungu kinachogawanywa na mgeni.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini Wakristu wa kwanza wa Uingereza hawakuazima neno la Kilatini kwa mapendo?
2. Katika Kiingereza cha kale, rafiki na adui hutofautiana kwa jambo gani? Hilo lafundisha nini juu ya adui?
3. More aliogopa nini, na Tyndale aliogopa nini? Ni hatari ipi iliyo kubwa zaidi kijijini?
4. Katika lugha ya kila nyumba, ni neno gani la mapendo lililoanza kushushwa, na nani awezaye kuliinua?

Azimio la juma: kila msomaji amchague mtu mmoja ambaye humwita ndugu kwa mdomo tu, amtendee tendo moja litakalofanya neno hilo kuwa kweli.